Kaseti Iliyokwenda kwa Bi Mize

Watu wa Woodbridge, hapa Virginia, wanajisifu kwamba wao ndio waliomtoa Mwanamwema. Uongo mtupu! Wao walikuja mwisho, wakakuta pilau imeshaiva, wakashika sahani. Wa Falls Church nao wana yao. Aliyekuwapo toka mwanzo ni mimi, Rahma, wifi yake, dada wa mumewe. Na aliyetaka kumharibia kila kitu kwa siku moja ni mimi vilevile. Kwa hiyo nyamazeni niseme.

Mwanamwema ni mtoto wa Ng'ambo, Unguja. Mama yake, Bi Mize, ni mwalimu wa chuo. Nusu ya wasichana wa mtaa ule amewasomesha Kurani yeye, na bakora yake wanaikumbuka mpaka leo. Mwaka wa sabini na sita alimpeleka binti yake Uingereza akasomee uuguzi. Binti akasoma, akavaa sare. Mwaka wa tatu wauguzi wakafanya tafrija hospitalini, naye akapanda jukwaani akamwiga mkuu wao, bibi mmoja wa Kizungu aliyeogopwa hata na madaktari. Watu walikufa kwa kicheko, na mkuu mwenyewe alicheka hadi miwani ikamdondoka. Siku ile ndiyo uuguzi ulipomtoka moyoni.

Akachukua uraia wa huko. Akaandika vichekesho vya redio, vingine wakasifiwa watu wengine. Akawa anasimama kwenye vyumba vya juu ya mabaa ya London mbele ya watu thelathini, na siku nyingine watatu. Mara moja alipewa kipindi chake mwenyewe, wiki sita, jina lake likitajwa redioni kila Alhamisi. Msinidharaulie hilo. Mtoto wa Ng'ambo, Kiingereza cha kujifunza, anawachekesha Waingereza kwao!

Lakini dunia haina siri. Msafiri mmoja alirudi Unguja akamwambia Bi Mize, "Mwanao anachekesha walevi." Basi. Bi Mize akasema, "Mimi nilimpeleka akatibu watu," akafunga mdomo. Miaka kumi na miwili hakumjibu mwanawe neno. Kila Ramadhani ikikaribia Mwanamwema alituma vitambaa, manukato na barua ya kaseti. Zama zile tulikuwa tunatumiana barua za sauti, unazungumza upande mzima wa kaseti, kule wanakaa kitako wanakusikiliza. Vitambaa vilipokelewa. Kaseti haikujibiwa hata moja. Na kwetu mnajua radhi ya mama ni nini. Ukiikosa, hata ukipata hujapata. Lilikuwa linamla, tena linamla kimyakimya.

Kaka yangu Riyadh, aliyemwoa kule kule Uingereza, alipata kazi ya kompyuta Virginia mwaka wa tisini na sita, wakahamia apatimenti karibu na Route 7, Falls Church. Mimi nilikuwa Springfield tayari, napika kwenye nyumba ya wazee. Mwanamwema akasema ngoja ajaribu bahati yake hapa. Akaenda klabu moja mjini Washington, akasimama na vichekesho vyake vya mvua na foleni na chai. Nilikuwepo. Jamani! Hawakucheka hata kwa adabu. Mtu aliletewa chipsi katikati ya kichekesho, na chipsi zikafurahiwa kuliko yeye. Garini aliniambia, "Wifi, nimekwisha. Nina miaka arobaini na nimekwisha." Akapata kazi ya kupokea simu kwa daktari wa meno, akanyamaza zake.

Sasa sikilizeni. Siku moja tulikuwa na maulidi kwangu. Watu wameondoka, tumebaki wanawake sita tunaosha masufuria. Mwanamwema akaanza, wala hakukusudia, kusema kwa sauti ya mama yake. Bi Mize amekuja Amerika. Bi Mize anaambiwa mjukuu wake ana chumba peke yake, anauliza, "Kwani anaumwa?" Tulikaa chini, wallahi. Niliacha bomba linamwagika. Nikamwambia, "We mjinga we! Miaka yote unawauzia Wazungu mvua yao, na hiki ulikuwa umekificha wapi?"

Akanunua daftari akaanza kuandika. Hapa ndipo watu wasipopajua. Kichekesho cha dakika mbili alikihangaikia wiki mbili. Ananipigia simu kazini, mikono yangu imejaa unga, ananiuliza, "Wifi, Bi Mize angesema 'ondoka' au 'hebu nipishe'?" Tukarekodi kwenye redio yangu ya sebuleni, dakika sitini. Imo ile ya Bi Mize kufungua friji ya mkwewe. Iliyopendwa zaidi ni ile ya Beltway, barabara ya duara inayouzunguka mji wa Washington. Bi Mize yumo garini, wameipita njia ya kutokea, wanaizunguka ile barabara tu, naye anasema, "Mwanangu, mimi Makka nilitufu Kaaba mara saba nikamaliza. Nyinyi hapa mnatufu nini kila siku?" Kaseti ikanakiliwa, nakala nazo zikanakiliwa, zikasikika kwenye teksi mpaka kiwanja cha ndege. Lusekelo, mwenyekiti wa jumuiya yetu, Mkristo wa Mbeya, mtu wa suti na adabu zake, akaja mwenyewe kumwomba Mwanamwema apande jukwaani kwenye sherehe ya Idi ya kuchinja, Aprili ya tisini na nane. Akakubali. Nilimwona anarudi kuwa mtu.

Ndipo nikafanya nilichokifanya.

Desemba ya tisini na saba, sherehe bado miezi minne, Sheikhan, jirani yangu wa Springfield, alikuwa anakwenda Unguja kufunga Ramadhani kwao. Mtu akisafiri mnajua, kila mwenye jamaa anamtwisha mzigo. Mwanamwema akanipa barua yake ya kila mwaka nimpelekee. Na juu ya meza yangu ilikuwepo ile ya vichekesho, maana nilikuwa naendelea kunakili. Kaseti zote mbili nyeupe, hazina maandishi. Nimechelewa kazini, nikaokota moja, nikaitia kwenye bahasha, nikampa Sheikhan, nikaenda zangu.

Wiki iliyofuata niko Route 50, magari hayasogei, nikasema acha nijiburudishe. Nikatia kaseti. "Assalaam aleikum, mama yangu mpenzi. Ni mimi mwanao, Mwanamwema..."

Toba! Niliegesha kando nikashika kichwa. Ikiwa barua ninayo mimi, basi ile nyingine iko Unguja. Binti anaomba radhi miaka kumi na miwili, na sasa nimempelekea mama yake saa nzima ya kumwiga mama yake!

Nilikwenda kwake moja kwa moja. Mdomo ninao, lakini mwoga si mimi. Nikamwambia yote. Hakunifokea, afadhali angenipiga. Alikaa kwenye zulia na koti lake bado mwilini. "Wifi, umeniua," alisema. Tukampigia simu Sheikhan, kwao Unguja. Akasema, "Kaseti nimempa juzi. Alisikiliza kidogo, akatutoa sote chumbani, akafunga mlango. Mpaka naondoka alikuwa hajafungua."

Mwanamwema aliinuka, akachukua daftari lake akalitupa kwenye pipa la taka. Alipokwenda kutawadha nililitoa, nikalitia ndani ya mkoba wangu. Akampigia Lusekelo akamwambia, "Kaka, Idi sipandi. Wala siku nyingine." Lusekelo akambembeleza, watu wameshaambiwa, dada, utatuaibisha. Wapi! Ramadhani nzima tulikaa hivyo. Nampelekea mkate wa kumimina na sambusa, anasema ahsante wifi, lakini hali kitu. Mimi nami usingizi sikuupata. Nilimchukia kila mtu aliyecheka karibu yangu.

Mwezi wa Februari Sheikhan akarudi. Akanigongea mlango na bahasha mkononi. "Bi Mize kasema apewe Mwanamwema mwenyewe," akaniambia. Nikaipapasa. Kaseti. Niliendesha gari mpaka Falls Church na theluji ile, sijui nilifikaje. Tukakaa jikoni kwake, wawili tu. Aliogopa kubonyeza, nikabonyeza mimi.

Kwanza tulisikia kuku. Kisha mtu akakohoa.

"Bismillahi. Mwanamwema, ni mimi mamako. Kaseti yako nimeisikia."

Mwanamwema akanishika mkono, kucha zikaniingia.

"Nilifunga mlango. Mimi ni mwalimu, siwezi kuonekana na watoto wa chuo nimelala mkekani, kanga nimeitia mdomoni, nacheka. Nimecheka mpaka mbavu zimeniuma, nimesingwa mafuta siku mbili. Nikaisikiliza mara nne. Ramadhani ilipoingia nikajizuia. Siku ya Idi nimeamka nayo."

Kisha akashusha sauti.

"Waliniambia unachekesha walevi. Hakuna aliyeniambia unachekesha namna hii. Nimekununia miaka kumi na miwili kwa kazi ambayo sijapata kuisikia kwa masikio yangu. Hilo kosa ni langu, mwanangu, unisamehe. Radhi yangu unayo toka nilipokuzaa. Nimeinyima sauti tu, kwa ukaidi wangu."

Mwanamwema alilia kama mtoto, na mimi nikalia kumshinda, maana mwenye dhambi nilikuwa mimi.

"Sasa nyamaza unisikilize," Bi Mize akaendelea. Tukanyamaza kweli! "Umekosea mahali patatu. Kwanza, mimi sisemi 'jamani'. Sijawahi. Pili, kwenye friji umeniharakisha. Mtu kama mimi akifungua friji ya mkwewe hasemi neno. Anatazama juu, anatazama chini, anafunga. Kisha ndiyo anauliza, 'Na chakula mnaweka wapi?' Tatu, kutufu ni ibada, si mchezo. Hiyo iondoe. Sema barabara yenu ni kama maneno ya mawifi, yanazunguka mji mzima yanarudi mlango ule ule yalikotokea."

Mawifi! Mimi ndiye niliyebonyeza, na mimi ndiye ninayepigwa kofi kutoka Unguja. Mwanamwema alinitazama, akaangua kicheko na machozi bado yanamtiririka. Nikafungua mkoba, nikatoa daftari, nikalibwaga mezani. "Andika," nikamwambia, "kabla sijakasirika." Kisha nikachukua simu nikampigia Lusekelo mimi mwenyewe.

Sherehe ilifanywa Jumamosi ya pili baada ya Idi, kwa kuwa ile ya kwanza Wakristo wetu walikuwa kwenye Pasaka. Ukumbi wa Falls Church, saa nane mchana, watu wasiopungua mia tatu. Lusekelo akatufuata nyuma ya pazia. "Dada, dakika kumi tu, kuna hotuba. Na tafadhali changanya Kiingereza, hawa watoto wetu Kiswahili kinawapita."

"Kaka Lusekelo," Mwanamwema akamjibu, "tuwaache watoto waamue wenyewe."

Akatoka, kanga begani, mkoba umebanwa kwapani. Hakusalimia. Alikwenda mpaka katikati ya jukwaa akafungua friji ambayo haipo. Akatazama juu. Akatazama chini. Akainama kwenye droo ya mboga, akakaa humo. Watu wakaacha vijiko sahanini. Akasimama, akafunga. Meza ya watoto ikapasuka kwa kicheko! Hajatamka neno, nao wameshikana mabega. Ndipo akageuka akauliza, "Na chakula mnaweka wapi?"

Lo! Wakenya wa Woodbridge walipiga meza mpaka soda zikamwagika. Mzee Fidelis, Mkongo, amevua miwani anajifuta, "Mama, encore! Tena, tena!" Binti yangu mimi, aliyekula ugali wangu miaka kumi na mitatu bila kunijibu neno la Kiswahili, alisimama juu ya kiti ananinyooshea kidole, "Mama, that's you! That's you!" Nikamwambia shuka hapo, huku nami siwezi kupumua. Yalipofika ya mawifi, Mwanamwema akanikazia macho, ukumbi mzima ukanigeukia. Ningefanya nini? Nilisimama nikawapungia mkono, wakanipigia vigelegele.

Dakika kumi zikawa hamsini. Lusekelo aliikunja hotuba yake akaitia mfukoni, na hakuna aliyemtuma. Mwisho watu wote wamesimama, makofi hayaishi. Mwanamwema akainua mkono.

"Huyu mliyemcheka ni mama yangu," akasema. "Anaitwa Mize binti Haji. Yu hai, yuko Ng'ambo, na maneno mazuri ya leo ameyatunga yeye."

Toka siku ile hajakaa tena. Baltimore, New York, na mwaka wa tisini na tisa London, kwa Kiswahili chake, ukumbi umejaa mpaka ngazini, mji ule ule alimowahi kuchekesha watu watatu. Kwa daktari wa meno aliaga kwa heshima, akawaachia keki.

Lakini mimi ninayoikumbuka ni asubuhi ya Jumapili, kesho yake ya sherehe. Tulinunua kadi ya simu, tukapiga Unguja kwa jirani mwenye simu, baada ya alasiri ya kule. Bi Mize alikuwa ameshaketi hapo anangoja. Hakusalimia.

"Walicheka?"

"Walicheka, mama. Wote."

"'Wote' si jibu. Kwenye friji walianza nilipofunga, au nilipouliza?"

"Ulipofunga, mama. Hujasema neno bado."

Tulimsikia anajiweka sawa kitini.

"Hapo," Bi Mize akasema, "ndipo nilipowataka."