Mistari Isiyo na Mji

Kosa lenyewe lilikuwa mstari mmoja wa amri ya kompyuta, na niliuandika mimi, Ijumaa, adhana ikikaribia. Naukumbuka neno kwa neno mpaka leo, ingawa ningefurahi sana kuusahau.

Nilikuwa nimeajiriwa Kilwa Masoko na mradi mdogo wa kupima mvua. Mradi uligawa vipima mvua, vile vya mrija wa plastiki wenye alama za milimita, kwa watu waliokubali kuvitunza uani kwao: mmoja Kitomanga, mmoja Pande, wengine vijiji vya katikati. Kila siku saa tatu asubuhi msomaji anaangalia maji yamefika alama ya ngapi, anayamwaga, kisha anatuma namba ile kwa simu kwenye ukurasa wetu wa mtandao. Kazi yangu ilikuwa kutunza kanzidata, ghala la kompyuta lililopokea namba hizo. Ofisi nzima mimi ndiye niliyeitwa fundi, na sitaficha, jina hilo lilinivimbisha kichwa.

Mkuu wa mradi alikuwa na wasiwasi mmoja: je, hawa watu wanasoma kweli, au wamekaa mahali wanabuni? Nikamwambia kwamba hilo linaweza kujulikana. Kila simu inayoingia mtandaoni hupewa anwani, mfululizo wa namba unaoitwa IP, na kuna mafaili ya CSV yanayoeleza kwamba anwani kutoka hii mpaka ile ziko nchi gani, mkoa gani, mji gani. Faili la CSV si kitu cha ajabu. Ni maandishi matupu, kila mstari taarifa moja, na vipande vyake vimetenganishwa kwa koma. Nikiliingiza kwenye kanzidata yetu, nilimwambia, kila namba ya mvua itaonekana pamoja na mji ilikotoka.

Mkuu akanipiga begani. "Hiyo ndiyo tunayoitaka, fundi. Jumatatu nataka kuiona ukutani."

Faili lilikuwa na mistari mamilioni, na mtandao wa ofisi uliliburuza siku mbili nzima kabla halijafika lote. Nikatengeneza jedwali la kulipokea, lenye safu ya anwani ya kwanza, ya anwani ya mwisho, ya nchi, ya mkoa na ya mji. Kwenye safu ya mji niliweka sharti kwamba isibaki tupu kamwe. Hakuna aliyenituma. Niliona tu kwamba ni unadhifu, kwa sababu mtu lazima awe mahali fulani.

Ijumaa asubuhi nikaanza kuingiza. Nchi za watu zilipita kama maji, hata ilipofika mistari ya Tanzania kazi ikasimama. Mji mtupu, kompyuta ikalalamika. Nikaufungua mstari ule nikakuta nchi imeandikwa, na mahali pa mji koma mbili zimebanana, katikati hamna kitu. Waliotengeneza faili hawakujua anwani zile zinatumika wapi, wakapaacha wazi. Nikauruka, ikasimama kwenye mwingine. Ilikuwa mingi. Njia ya haki ilikuwepo: niliondoe lile sharti, pengo libaki pengo, kisha nirekebishe na ripoti iweze kulionyesha. Ingenila saa moja hivi. Lakini sikuwa nimetawadha, na Jumatatu ilikuwa inanitazama, basi nikaandika ule mstari wangu: palipo na Tanzania na mji mtupu, jaza Dar es Salaam.

Hapa ndipo uso unaponiwaka. Mimi ni mtoto wa Rasbura, pale Lindi mjini. Nilisoma Dar miaka mitatu, na miaka hiyo nilinuna zaidi ya nilivyocheka, maana kila nikisema natoka Lindi mtu ananiuliza kama umeme umeshafika huko, au anadhani Lindi ni mtaa wa Mtwara. Nimegombana na wenzangu darasani, nimegombana na makarani, nimewahutubia watu ambao hawakuniomba hotuba, kwamba nchi hii haiishii Mbagala, pale Dar inapokwisha. Nilipoachiwa mimi kujaza nafasi iliyo wazi, mkono haukusita hata kidogo. Haukuandika Lindi. Haukuandika hata Kilwa, ambako kiti nilichokalia kilikuwa. Nikaenda kuswali nikiwa nimeridhika na kazi yangu.

Jumatatu projekta ikawashwa. Vijiji vilikaa kushoto, miji kulia. Wasomaji wengi walionekana Lindi, wachache Mtwara, na hakuna aliyeshangaa. Pande, siku zote za mwezi, ilisomeka Dar es Salaam. Baadaye nilikuja kujua kwamba nyumbani kwa msomaji wa Pande inashika laini ya kampuni moja tu, tofauti na ya wenzake, na anwani za kampuni hiyo ndizo zilizoachwa wazi kwenye faili. Siku ile sikujua wala sikutafuta kujua.

Msomaji mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, mjane, mkulima wa ufuta na mihogo. Nilikuwa nimemwona mara moja, siku tuliyokwenda kusimamisha kipimo uani kwake. Mimi nilishika nguzo, yeye akapigilia msumari, kwa kuwa alisema mikono yangu ni ya kalamu. Mkuu akampigia hapohapo kikaoni, akaweka spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, uko wapi sasa hivi?"

"Nipo nyumbani. Hapa uani."

"Nyumbani Pande au nyumbani Dar?"

Mama akacheka kidogo, akidhani anataniwa. "Dar nina nini mimi, baba?" Aliposikia hatucheki, sauti yake ikabadilika. "Wallahi nipo hapa. Kuku wangu hawa, unawasikia."

Na kweli tuliwasikia. Mkuu akatutazama, akasema, "Hata Dar kuna kuku." Chumba kizima kikaangua kicheko, na simu bado iko hewani. Nilicheka na mimi, tena nadhani nilianza kabla ya wengine.

Alipokata simu aliniuliza mbele ya wote kama nina uhakika.

"Kompyuta haina sababu ya kusema uongo, mkuu," nikajibu.

Wiki hiyohiyo gari la mradi likaenda kuking'oa kipimo. Mimi sikuwemo, dereva ndiye aliyenisimulia. Mwenyekiti wa kijiji aliitwa ashuhudie, na majirani wakatoka majumbani kuja kuangalia mwenzao kafanya nini. Ndani ya mrija mlikuwa na maji ya mvua ya alfajiri. Mama akaomba jambo moja tu, wamwache ayasome kabla hawajaondoka. Wakayamwaga.

Kama mwezi ulipita. Siku moja mtandao wa ofisi ukakatika, nikaunganisha kompyuta na simu yangu ya pili, yenye laini ya kampuni ileile anayoitumia mama, ingawa hilo sikuwa nikilifikiria. Nikafungua ukurasa wetu na kutuma namba ya majaribio. Nilikuwa nimekaa Kilwa Masoko, mkono mmoja una kipande cha muhogo wa kuchoma, na jedwali langu likanijulisha kwamba niko Dar es Salaam. Nikaurudisha muhogo kwenye karatasi yake. Nikalifungua faili la asili, nikaitafuta anwani yangu, na nikakuta zile koma mbili zimebanana.

Chumba cha mkuu kilikuwa mlango wa pili kutoka kwangu. Mtu mwenye haya ya kweli angeinuka. Mimi niliinuka nikafunga mlango wangu, nikaliondoa lile sharti, nikafuta jedwali zima na kuliingiza faili upya, mapengo yakabaki mapengo, na kwenye ripoti yakasomeka "haijulikani". Kazi safi kabisa. Sikumwambia mtu. Nilijipa sababu kwamba jambo limeshapita, kwamba mama huenda ameshukuru kupumzika, kwamba nikisema nitaiharibia ofisi jina. Ofisi! Jina nililokuwa nalilinda lilikuwa la fundi.

Mkuu ndiye aliyeona mwenyewe, masika yakiwa yanaishia. "Mbona namba za zamani za Pande hazisomeki tena Dar?"

"Data zilikuwa na kasoro, mkuu. Zimesharekebishwa," nikasema, kana kwamba zilijirekebisha.

Akakuna kidevu. "Basi tulimwonea yule mama. Mrudishie kipimo chake. Nenda wewe."

Nikaenda na dereva. Mama alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililonichoma kwanza. Nilimwamkia akaitikia, akaniwekea kiti kivulini mwa banda, akaniletea maji ya kunywa. Nikakiweka kipimo miguuni pake, nikasema, "Mama, tumekuja kuomba radhi. Mtambo ulikosea."

"Ulikosea nini?"

"Haukujua simu yako iko wapi, ukaandika Dar."

"Nani aliuambia uandike Dar?"

Nilimtazama dereva, naye akatazama kuku. "Mimi, mama," nikasema.

Hakupandisha sauti. "Si ulikuwa umesimama hapo, umeshika nguzo?"

"Nilikuwa nimesimama hapo."

"Na kama mambo ya simu yalikushinda, si ungeandika hujui?"

Mama akainuka, akajifunga kanga vizuri. "Walikichukua watu wakiona," akasema. "Nitawaita, uwaambie." Akaenda mlango kwa mlango yeye mwenyewe, akamwita na mwenyekiti. Wakaja walewale.

Nilisimama mbele yao. Neno "mimi" nililitayarisha mdomoni, lilikuwa fupi, nililisikia likija. Nikasema, "Ndugu zangu, mtambo wetu ulikosea. Mama huyu hakuwa na kosa lolote."

Mtambo. Mwenyekiti akanishukuru kwa uungwana wangu. Watu wakamwambia mama pole, wakatikisa vichwa kuhusu mitambo ya siku hizi, wakaondoka. Mama angeweza kunisahihisha mbele ya wote, naye hakufanya hivyo, na ningekuwa mwepesi zaidi leo kama angefanya. Aliingia ndani akatoka na daftari la shule.

Miezi yote ile alikuwa akisoma mvua kwa kopo la maziwa la bati na rula ya mjukuu wake. Kila siku, saa tatu asubuhi. Tarehe na milimita, tarehe na milimita, kurasa kadhaa.

"Yaingize," akasema.

Niliporudi ofisini nikayachapa yote kwenye faili la CSV. Katikati ya daftari nikakuta siku moja haina namba. Ameandika: "Sijui. Nilikwenda kliniki, nimerudi jioni, jua limekausha." Nikapaacha wazi, nikaanza kuingiza, na kanzidata ikakataa. Safu ya mvua nayo nilikuwa nimeiwekea sharti isibaki tupu.

Nikafungua kumbukumbu za wasomaji wengine. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa na siku ya pengo, si ya msiba, si ya Idi, si ya homa. Ukurasa wangu haukuwapa nafasi ya kusema hawakusoma, basi waliandika sifuri ili upokee, na sisi tukazipokea zile sifuri kama ukame. Kati ya wote, aliyeandika "sijui" ni yule tuliyemng'olea kipimo.

Niliondoa sharti. Kisha nikaenda mlango wa pili nikamweleza mkuu kila kitu, kuanzia ile Ijumaa. Alinisikiliza, akasema ni kosa la kawaida la kazi, nisijitese. Hakuniuliza nilichowaambia watu wa Pande, na mimi sikumwambia.

Sijarudi. Huko bado wanaamini ni mtambo. Kila siku saa tatu asubuhi namba ya mama inaingia kabla ya zote. Kwenye safu ya mji panasomeka haijulikani, na mimi ninajua kabisa ilikotoka.