Ngari ya Mzungu

Baba yangu hakula chakula cha mama yake, bibi yangu tuliyemwita cucu, kwa miaka yote niliyomjua. Alimjengea nyumba ya mabati, alimpelekea sukari na majani ya chai, na siku moja cucu alipougua alimbeba mgongoni hadi barabarani. Lakini cucu akimwekea sahani, baba alisema ameshiba, hata kama sote tulijua ametoka safari na tumbo tupu. Kwetu Embu, mtu akikataa chakula cha mama yake, amesema neno zito kuliko tusi. Nilikua nikiliona jambo hilo na hakuna aliyenieleza, mpaka siku moja mama, akiwa na hasira zake, aliponiambia kwamba ni kwa sababu ya lile gari.

Gari lenyewe nalikumbuka kwa mbali. Lilikuwa refu na jembamba, la kijani iliyochakaa, halina milango, halina paa, na kiti chake ni kimoja tu. Boneti ilifungwa kwa mkanda wa ngozi kama sanduku la mwanafunzi wa bweni. Lilitengenezwa Ulaya kabla ya vita vya Hitler, kwa kazi ya mashindano na si nyingine, na mzungu mmoja mwenye shamba la ngano kule Timau alilileta kwa meli ili awatimulie vumbi wazungu wenzake. Baba alikuwa dereva wake na fundi wake pia. Mzungu alilikimbiza siku za sherehe; siku nyingine zote lilikuwa mikononi mwa baba.

Baada ya uhuru mzungu aliuza shamba akarudi kwao. Siku ya kuondoka alimpa baba mkono, akamwambia gari ni lake. Hapakuwa na karatasi yoyote. Baba alilileta Embu likivutwa kwa kamba nyuma ya lori la viazi, yeye ameketi ndani ameshika usukani, na watu wa njiani walicheka wakachoka. Wanawake walimuuliza mama yeye atakaa wapi. Nyumbani tuliliita sigara. Hata cucu aliliita sigara. Hakuna aliyeliita gari, maana gari tulilijua: lina milango na linabeba magunia.

Halafu tajiri aliyenunua shamba akadai kwamba alinunua na kila kilichokuwa ndani yake. Akapiga ripoti. Askari alipofika kwetu, baba alikuwa amelipeleka sigara gereji mjini, na cucu alikuwa peke yake uani. Askari akamuuliza, cucu akajibu, askari akaenda moja kwa moja gereji.

"Mama yako mwenyewe amesema uliiba," alimwambia baba mbele ya watu.

Baba alikaa rumande, kisha akaachiliwa kwa sababu mzungu hakupatikana kusema lolote. Gari halikurudi. Lilikaa nje ya kituo likinyeshewa, kuku wakilala ndani yake, mpaka likauzwa kwa mnada. Baba akawa dereva wa lori la ndizi, kutoka Mitunguu hadi soko la Gakoromone, na habari ya gari lile haikutoka tena kinywani mwake. Kanisani walipotafuta wazee wapya wa kanisa, jina lake lilirukwa kila mara. Aliketi kiti cha nyuma na kuimba kwa sauti ya chini. Iliniuma sana kumwona hapo, na hasira yangu yote ilimwendea cucu.

Tulimzika baba nikiwa tayari mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka uliofuata, likizo, alikuja mgeni kutoka Nairobi, mzee mpole mwenye kofia, ambaye kazi yake ilikuwa kufufua magari ya zamani ya mashindano na kuandika historia ya kila moja. Sigara alikuwa nalo yeye sasa. Alijua lilishindana wapi Ulaya, nani alilinunua kwanza, lilishuka bandarini na nani. Kila aliyelimiliki alimjua, isipokuwa mmoja. Ilipofika zamu ya baba, aliyemuuzia alimwambia tu: liliibwa na mfanyakazi, mama yake akakiri.

"Mwalimu, sipendi kuandika mtu mwizi bila kusikia watu wake," aliniambia.

Nilitaka kumfukuza. Badala yake nilimpeleka kwa cucu, na nakiri nilitaka cucu aulizwe na mtu mwingine lile nililoshindwa kumuuliza mimi.

Cucu alikuwa akichambua maharagwe. Mgeni akamwonyesha picha.

"Hii ni ile sigara," cucu alisema, akatabasamu. "Ilienda wapi?"

"Cucu, wanasema kijana yako aliiba hii gari ya mzungu. Na ati ni wewe ulisema kwa polisi," mgeni alimwambia.

"Hii? Hapana. Hii alipewa. Mimi nilisema ya ngari."

"Ndiyo, gari."

"Ngari," cucu alirudia, akianza kuchoka naye. "Ile ya madoadoa. Ilikuwa inakula ndama ya mzungu, mzungu akapiga bunduki. Kijana yangu akachukua ngozi bila ruhusa, akaleta hapa, akaficha kwa ghala. Polisi akauliza ngari ya mzungu iko wapi. Mimi ni mtu wa kanisa, sidanganyi. Nikasema alichukua, akaficha. Akauliza yeye mwenyewe yuko wapi, nikasema gereji."

Mgeni akanitazama. Ilibidi nimweleze kwamba kwa Kiembu ngari ni chui. Yule askari hakuwa mtu wa kwetu, lakini alikuwa amekaa Embu vya kutosha kuzoea kwamba watu wa huku wakitaka kusema gari husema ngari. Cucu naye, Kiswahili chake ni cha sokoni, alisikia askari akiuliza habari za ile ngozi iliyokuwa ikimnyima usingizi. Kila mmoja alimwelewa mwenzake vizuri kabisa.

Mgeni alivua kofia. Alisema ataandika kwamba gari lilitolewa zawadi kwa dereva, na kwamba lilichukuliwa kwake bila haki. Akaandika palepale, akanisomea, na nikamshukuru kwa moyo wote. Kisha akaondoka.

Cucu hakurudi kwenye maharagwe. Aliniuliza kwa Kiembu, polepole, kama baba yangu alijua askari alisema nini. Nikamwambia alijua, aliambiwa mbele ya watu. Akauliza kama aliamini. Nilitafuta uongo wa kumpa nikaukosa, nikamwambia aliamini.

"Miaka yote hii nilidhani ni mke wake aliyemwambia chakula changu ni kichafu," alisema.

Nilimshika mkono. Ulikuwa na vumbi la maganda.

"Angeniuliza tu," alisema. "Mimi nilikuwa hapa hapa."