Mfuko Uliodondoshwa Kutoka Angani

Kazi yangu ni kusimama. Nasimama katika ukumbi wa ndege za kale, kwenye jumba moja la makumbusho hapa London, nikiwazuia watoto wasining'inie kwenye mabawa huku wazazi wao wakijifanya hawaoni. Mtu akisimama mahali pamoja kutwa nzima, ama atalala macho wazi, ama atakuwa mdaku. Mimi nimekuwa mdaku, na udaku wangu wote niliumalizia kwa rubani mmoja wa Vita Kuu ya Kwanza aliyekwisha kufa zamani.

Picha yake iko ukutani, karibu na ndege ya mbao na kitambaa. Amekaa kwenye kiti cha uvivu nje ya hema, kapakata mbwa, masharubu hayajaota vizuri. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitaka kujua kila kitu chake, nikamsumbua mama wa Kiingereza anayetunza vifaa vya ukumbi wetu mpaka ikawa akiniona tu anabeba kikombe chake cha chai na kuondoka.

Nilipombana alinieleza. Huko juu marubani walikaa wazi, upepo ukiwachuna, hivyo walijipaka mafuta mazito usoni. Skafu ya hariri haikuwa ya maringo; ilizuia shingo isichubuke, maana rubani aligeuka nyuma kila mara kumtafuta adui. Injini nazo ziliwatemea mafuta ya nyonyo, wakayavuta na kuyameza. Sisi tuliopewa mafuta yale na bibi zetu tunajua kwa nini rubani akitua alikimbilia choo kabla ya kutoa ripoti. Nilicheka mpaka mgeni mmoja akaniuliza kama niko salama. Parashuti hawakupewa. Hapo sikucheka.

Lakini kilichonikaa rohoni ni mfuko mdogo wa turubai ulio kwenye kabati la kioo, umeshonewa riboni ndefu za rangi. Rubani wa adui akiangushwa upande huu, kuna aliyeruka tena mpaka kwenye uwanja wa wenzake yule aliyeangushwa, akashuka chini kabisa huku bunduki zikimlenga, akadondosha mfuko wenye habari: mwenzenu amekufa, tumemzika. Au: yu hai, tunaye. Riboni ziliwekwa ili mfuko uonekane ukianguka, usipotelee majanini. Kijana wangu wa pichani aliwahi kudondosha mmoja.

"Aliyemuua ndiye aliyepeleka habari?" nilimuuliza yule mama.

"Wakati mwingine," alijibu, akachukua kikombe chake.

Nikawa najiuliza kijana yule alisemaje. Maana kwetu hatusemi. Mtu akifiwa tunamwambia mgonjwa kazidiwa, panda basi uje. Akifika nyumbani akaona maturubai na viti vimepangwa, ndipo anajua. Nilikuwa naamini hiyo ndiyo huruma. Je, kijana yule naye aliandika "kazidiwa"?

Jumanne moja kaka yangu alinipigia kutoka Morogoro nikiwa kwenye chai ya saa nne. Dada yetu mkubwa amefariki. Nililia pale pale chumba cha wafanyakazi, yeye akanisubiri. Kisha akasema, "Kijana wake usimpigie simu. Nenda mwenyewe, wewe ndiye mjomba aliye huko. Mwambie mama yake kalazwa, arudi. Mengine ataambiwa huku."

Mpwa wangu huyo anasomea uuguzi, kapanga chumba Lewisham, hapa hapa London. Naye ana miaka kumi na tisa.

Nikaomba ruhusa, nikapanda treni na sare yangu ya kazi. Kwenye kundi la familia la WhatsApp niliandika kwamba mtu asithubutu kutuma pole wala mshumaa mpaka niseme mimi. Kila simu ilipoita ndani ya behewa niliogopa kuna aliyeniwahi. Njia nzima nikawa natunga uongo, uongo mzuri tu, wenye daktari na dripu. Lakini huyu ni mwanafunzi wa uuguzi. Angeniuliza presha ilikuwa ngapi, ningejibu nini?

Hapa London hakuna anayegonga mlango bila kuarifu. Nilipogonga alifungua, akatazama sare, akanitazama usoni.

"Anko? Mbona huja-text? Si uko kazini leo?"

Neno "kalazwa" lilikuwa tayari mdomoni. Nikamtazama, na kidevu chake kile chenye ndevu za kuhesabika, nikashindwa kumdanganya.

"Mama yako amefariki, mwanangu. Leo asubuhi."

Alishika fremu ya mlango. "Are you sure?" aliniuliza, kana kwamba mimi ni mtu wa ofisini.

"Nina uhakika."

Miezi yote ile nilimstahi yule rubani kwa ushujaa wake wa kushuka chini kati ya risasi. Pale mlangoni nilimwonea wivu, nasema kweli. Alidondosha mfuko, akageuza ndege. Hakuona ni nani aliyeuokota, wala sura yake ilivyobadilika alipoufungua.

Mpwa wangu alikwenda kukaa kitandani, mikono kaiweka katikati ya magoti. Halafu akauliza, bila kunitazama, "Unarudi job, Anko?"

Nilikuwa bado nimesimama, kama kazi yangu inavyotaka.

"Viatu nimeshavua," nikamwambia.

Akageuka kuviangalia pale mlangoni, kimoja kimelala ubavu. Ndipo akaanza kulia, akasogea, nami nikakaa.