Ndoo Iliyojaa Pomoni

Mtengeneza filamu hakuweza kuzungumza na mtu kabla ya kuunda dirisha kwa vidole vyake na kumchungulia humo, jicho moja amelifumba. Dobi wa mtaa ule alichunguliwa hivyo wiki nzima. Siku ya kwanza alikuja na blauzi aliyoipiga pasi, akaambiwa kwa sauti laini, ya mtu anayembembeleza mgonjwa, "Mama, vaa ile iliyochanika. Tunataka sauti ya wanyonge." Akavaa. Alichotaka yeye kilikuwa kimoja tu: wakubwa wajue kwamba bomba la mtaa lilifungwa miezi minne iliyopita, na dobi bila maji ni fundi cherehani bila sindano. Lakini ndoo tupu, alieleza mtengeneza filamu, haipendezi kwenye kamera. Akaagiza katoni za maji ya chupa, yakamiminwa ndooni, na dobi akafua shuka moja mara tisa, kila mara akikumbushwa ahuzunike zaidi.

Siku ya maonyesho ukumbi mzima ulipiga makofi, na mtengeneza filamu akainama mara mbili, mkono kifuani. Kisha afisa wa maji akasimama, akafuta miwani yake. "Kazi nzuri. Ila maji mbona mnayo? Nimeona mwenyewe, ndoo imejaa pomoni." Akachukua faili lake, akaenda zake.

Dobi akamgeukia mtengeneza filamu, machozi yakimlengalenga. "Mwanangu, umetumaliza."

Naye akainua vidole, akafumba jicho.

"Hapo hapo, mama. Usiyafute."