Swali la Dresa

Sitara alimpenda yule dresa wa zahanati ya Kariakoo kwa vidole vyake, vyepesi na vyenye harufu ya spiriti. Akikushika mkono kukupima mapigo, hukodolea macho dari huku midomo ikimchezacheza. Mwanamume akisema moyo unamwenda mbio, humwandikia cheti cha hospitali kubwa. Mwanamke akisema hayo hayo, humuuliza kwa upole, "Umegombana na nani, mama?" kisha humpa vidonge vya kutuliza. Mara ya tatu alipoulizwa hivyo, Sitara alichoka. "Sijagombana na mtu, dresa, ila ukiniuliza tena nitaanza na wewe!" Benchi zima la wagonjwa likaangua kicheko. Dresa naye akacheka, akaushika tena ule mkono, na kicheko kikamkauka. Moyo ulikuwa ukikimbia, ukisita, ukikimbia tena. Akamwandikia cheti, akamsindikiza mwenyewe hadi barabarani.

Sitara aliporudi kumshukuru, alimkuta kamshika mkono Fikirini, mchukuzi wa magunia sokoni, pande la mtu, anayelalamika moyo unamwenda mbio. "Umegombana na nani, bwana?" dresa akauliza. Benchi zima likageuka kumtazama. Fikirini akainamisha kichwa. "Na mke wangu," akasema. Dresa akaandika cheti kwa mkono mmoja. Ule mwingine haukuuachia mkono wa Fikirini.