Gari Lililomsubiri Bwana Kamaludin

Afra binti Madi alipoanza kazi ya kuuza magari ya kifahari, hakuwa amewahi kukaa kiti cha mbele cha gari lolote. Msicheke. Sisi tumezaliwa Amu, ndiyo Lamu yenu, kisiwani, kwenye vichochoro ambamo punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Magari yako ng'ambo, Mokowe, na ng'ambo huvuki ila una safari au una mgonjwa. Mimi ni Ummu, mama yangu na mama yake Afra ni ndugu, na kazi yangu ni kupaka maharusi hina. Nayasema haya kwa sababu nimechoka kuyasikia yakisemwa kombo na watu waliokula pilau ya Bwana Kamaludin.

Kwanza mjue alichokifanya huyo Kamaludin, maana bila hilo mtamwona Afra ana kichaa.

Baba yake Afra, Bwana Madi, ni mwenye punda. Kamaludin ni mtu wa Mkomani, mtaa wa matajiri, mwenye majumba, na nyumba yake kubwa ilipokuwa ikitengenezwa upya, kila jiwe na kila kapu la chokaa lilipita mgongoni mwa punda wa Madi. Kazi ilipokwisha, mwenye nyumba akasomesha maulidi ya kuifungua. Madi akaoga, akavaa kanzu yake ya Idi, akamshika Afra mkono, akaenda kuketi dakani pamoja na wageni wengine. Daka ni ile baraza ya mlangoni ambapo mwenye nyumba hupokea watu. Ukiketishwa pale, wewe ni mtu na heshima yako. Kamaludin akatoka na chetezo cha ubani mkononi, akamwona, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Madi, wewe kaa kule na wenzio." Kule kulikuwa na punda wawili wamefungwa ukutani.

Watu wakacheka. Wazee wenye ndevu nyeupe, waliotoka kumsalia Mtume dakika ile, wakacheka. Madi akainuka, akaenda kusimama na punda, akaletewa kahawa huko huko, akanywa, akarudisha kikombe na kusema ahsante. Afra alikuwa bado mdogo wa kuruka kamba, lakini aliona. Na kama angetaka kusahau, watoto wa chuo cha Kurani hawakumwachia: kwa miaka walimwita Binti Wenzio. Mpaka leo nikilisikia jina hilo mkono unaniwasha.

Madi mwenyewe hakulitaja tena. Sote tulidhani amesamehe, kwani ni mtu mpole, mtaani kwetu mke na mume wakigombana yeye ndiye anayeitwa. Aliyebaki na fundo moyoni ni binti yake. Tulikuwa tukichagua mchele siku moja akaniambia, "Ummu, itafika siku mtu yule atataka kitu kwangu." Mimi nikamjibu inshallah, nikiwa nimemaanisha kabisa.

Basi ikafunguliwa yadi ya magari Mokowe, karibu na gati. Mwenyewe alikuwa mtu wa bara ambaye hatukumwona, na msimamizi alikuwa mwanamke aitwaye Edah, mrefu, mwenye miwani na haraka nyingi. Walileta Prado, Land Cruiser na Range Rover, magari ambayo kiti chake ni laini kupita godoro lako. Afra alikwenda kuomba kazi na pindo la buibui lake limelowa maji ya boti.

"Unajua kuendesha?" Edah akamuuliza.

"Sijui."

"Unajua mambo ya injini?"

"Sijui."

"Sasa unajua nini?"

"Nawajua watakaonunua," Afra akasema. Akamweleza kwamba matajiri wa Amu wana kila kitu isipokuwa kitu kimoja: wakishuka gatini Mokowe, mbele ya watu wote, wanaingia gari la kukodi wakibanana na wenye magunia. Aibu hiyo ndiyo atakayowauzia dawa yake. Edah alicheka, kisha akaacha kucheka. "Sawa, nakupea miezi mitatu," akasema. "Usipouza hata moja, tunaachana bila ubaya."

Kazi yenyewe ilianza na ndoo. Upepo wa bahari hukausha chumvi juu ya vioo, kwa hiyo kila asubuhi Afra aliyaosha magari yote kwa maji baridi na kuyakausha mpaka yang'ae. Alijifunza kuendesha kwenye barabara iendayo kijiji cha Hindi, fundi wa yadi akiwa amekaa kando yake akipiga kelele na kumtaja Mungu. Akajifunza kumfungulia mteja mlango kabla mkono wake haujafika kwenye kishikio. Akajifunza pia kwamba njia ya Edah, ya kuwapigia simu matajiri na kuwasomea sifa za gari, Amu haifanyi kazi. Sisi kitu kikubwa hakinunuliwi kwa sauti ya mgeni kwenye simu. Huanzia ndani, kwa wanawake, na mume huja kukisikia mwisho akidhani kakitaka yeye.

Kwa hiyo Afra akawa ananifuata kwenye hina. Mimi nachora miguu ya bibi harusi, yeye kakaa kando na simu yake, anawaonyesha mama na shangazi. Hakuwatajia nguvu za injini. Aliwachezea sauti ya mlango wa gari ukifungwa, ule mlio mzito wa mara moja, dup. "Hebu rudia," wanawake walisema. Akarudia. Nyumba nyingine tulirudia mpaka hina ikanikaukia kwenye kibomba cha kuchorea.

Ndivyo Bi Mardhiya, mkewe Kamaludin, alivyoliona gari moja jeusi kwenye simu ya Afra. Binti yao alikuwa anaolewa na mtu wa Mombasa, na watu wa bwana harusi wangekuja kwa barabara wamchukulie Mokowe. Bi Mardhiya aliitazama ile picha, akamtazama binti yake, akaomba atumiwe. Hakuuliza yule msichana wa gari ni binti wa nani. Mimi nilichora kombo pale, ikabidi nifute.

Haikupita wiki, ikaingia sauti ya Kamaludin kwenye simu ya yadi. "Ile nyeusi niwekeeni. Alhamisi ya harusi nitakuya kuitwaa." Basi, hakuna salamu wala tafadhali. Kamaludin ndivyo alivyozoea. Madukani Amu yeye hutuma neno tu, na kitu kinawekwa, kiwe samaki, kiwe joho, wala hakuna anayethubutu kumuuzia mwingine. Alidhani yadi ni hivyo hivyo. Lakini kwenye yadi gari ni la aliyelipa na kutia sahihi, na kabla ya hapo ni la kila mtu. Edah akamwambia Afra ampigie aje atie sahihi mapema. Afra akasema sawa. Hakupiga.

Huku nyuma Kamaludin alikwishatangaza baada ya sala ya Ijumaa, na kuwaambia wakwe, kwamba binti yake ataondoka Mokowe ndani ya gari la babake.

Sasa mambo yalivyokutana, Alhamisi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya ile miezi mitatu, na Afra hakuwa ameuza hata gari moja. Nilimwambia, "Muuzie, upate kazi yako, umtukane baadaye." Akaniambia, "Nitamuuzia. Ila atapita kwa baba kwanza." Hesabu yake ilikuwa rahisi: Kamaludin ataomba radhi, baba kwa upole wake atasamehe, na yeye atauza. Nikaona ni hesabu nzuri. Nikaenda zangu kumpamba bibi harusi.

Kamaludin alifika yadi asubuhi, amevaa joho, ananukia udi. Gari lilikuwa mbele, limeoshwa, linawaka. Edah alikuwa safarini kurudi kutoka Malindi.

"Ufunguo u wapi?" Kamaludin akauliza.

"Ufunguo upo, na karatasi zi tayari. Lakini sikuuzii mpaka baba yangu aniambie nikuuzie."

"Babako ni nani?"

"Madi."

"Madi yupi?"

Hapo, Afra aliniambia, ndipo damu ilipomchemka. Miaka yote ile sisi tunalibeba neno lake, na mwenyewe hata mtu hamkumbuki. "Madi wa punda," akamwambia.

"Wewe wajua mimi ni nani?"

"Ningekuwa sikujui, ningekuuzia tangu ulipoingia."

Kamaludin alifoka, akapiga meza, akampigia simu Edah. Simu haipatikani, Edah alikuwa njiani mahali pasipo na mtandao. Akatazama saa. Bibi harusi alitakiwa avuke baada ya adhuhuri. Mwisho akatoka akaelekea gatini, na Afra akafunga ofisi akamfuata. Walivuka kwa boti ya Kamaludin mwenyewe, yeye mbele, Afra nyuma, mpaka Amu.

Madi alikuwa uani akimsafisha punda kidonda kwa maji ya chumvi. Alipomwona mgeni alinawa mikono, akajibu salamu, akatandika mkeka. Kamaludin akaketi juu yake na joho lake, na Afra akamweleza babake habari ya gari.

"Bwana Madi," akaanza, "ikiwa nalikukosea yambo, nisamehe. Sisi ni watu wa mui mmoya."

"Yambo gani?"

Kamaludin akamtazama Afra. Afra akamtazama punda.

"Yale ya zamani," Kamaludin akasema.

"Nambia maneno ulonambia siku ile. Hayo tu. Ukiyasema kwa kinywa chako, nakusamehe hapa hapa, na gari utwae."

Kisha Kamaludin akaanza kubahatisha. "Ni ule ukuta wa kisima?"

"Ukuta ulikuwa wa kina Ridhwani."

"Ni kule kuwafungia ndia ya ufuoni?"

"Hao ni watu wa Kipungani. Walikuya kukushitaki, si mimi."

"Basi ni yule punda alokufa kwenye mtaro wangu."

"Punda yule hakuwa wangu," Madi akasema. "Na mwenyewe alilia sana."

Afra alisimama pale akimwona mtu mzima akijitoa makosa mfukoni moja moja, na hakuna hata moja lililokuwa letu. Angeweza kumnong'oneza lile neno. Lilikuwa neno dogo, na kazi yake yote ilikuwa inalingoja. Aliniambia ulimi ulimsogea kabisa, kisha akamwona Kamaludin akitazama saa tena, akaufunga mdomo.

Madi akainuka. "Nenda ukakumbuke, Bwana Kamaludin. Ukisha kukumbuka, kuya, kahawa utaikuta. Lakini yeo mwanangu hakuuzii gari." Alisema taratibu, kama anavyosema siku zote.

Mimi nilivuka na bibi harusi, kwa hiyo mengine niliyaona kwa macho yangu. Magari ya watu wa Mombasa yalikuwa yamejipanga pale Mokowe, yamejaa, maana waliambiwa kiti cha bibi harusi kipo. Wote wanatazama, gari la baba liko wapi? Likaja Probox, kigari cha kubebea mizigo. Ndilo pekee Kamaludin alilolipata kwa haraka ile, na asubuhi yake lilikuwa limebeba mbuzi. Yule binti hana kosa, hina yake niliipaka kwa moyo safi na namwombea heri na mumewe. Lakini nilipomwona Kamaludin ameinama, anafuta kiti cha nyuma kwa leso yake mbele ya wakwe na mbele ya wachukuzi wa gatini, nilishukuru uso wangu umefunikwa, kwa sababu nilikuwa nacheka mpaka machozi. Uso ulikuwa umemsawijika. Hajaja kwa Madi mpaka leo. Nasikia anawaulizauliza wazee waliokuwapo kwenye maulidi ile alisema nini, na wote wanamwambia hawakumbuki.

Edah alipata mtandao alasiri. Hakupiga kelele. "Ulikuwa na mnunuzi ndani ya yadi, Afra, na wewe ukamrudisha," akasema. "Kesho usikuje." Afra akasema ahsante, akarudisha funguo za ofisi kwa fundi, akapanda boti. Ndiyo hivyo, alikuwa amemwaga unga.

Nilimkuta uani kwa babake magharibi, hajavua hata buibui. Madi alikuwa anawamwagia punda maganda ya viazi.

"Baba," Afra akasema, "yeo ilikuwa siku yangu ya mwisho. Nisipouza, kazi basi. Na kazi imekwisha."

Madi akaweka ndoo chini. Alimtazama binti yake, nikaona anaumia, kwa sababu alijua jinsi alivyoipenda kazi ile.

"Mbona hukunambia mapema?"

"Ningalikwambia, ungalisema nini?"

Alifikiri. Hakukurupuka, alifikiri kweli, mkono wake uko juu ya shingo ya punda.

"Ningalisema vivyo hivyo," akasema.