Kobe Aliyefunga Ramadhani

Mama yangu anaishi peke yake Malindi, yeye na kobe wa maji aliyempata angali mdogo wa kutosha kiganjani, akamlea uani katika karai la plastiki. Mimi kazi yangu iko Kilifi, hurudi mwisho wa juma. Ramadhani iliyopita nilimkuta kobe hagusi dagaa wake, na Mama anacheka.

“Mwache, kafunga huyo. Tangu mwezi uandame hali mchana.”

Mtaa mzima ulikwisha kuipokea hadithi hiyo. Majirani waliokuja kuomba ndimu walichungulia karaini wakasema mashaallah, kumbe wapo watu wazima wanaoshindwa na kobe. Ili watoto wasimsumbue katika saumu yake, Mama alikuwa amemhamishia chini ya ngazi, mahali pasipofika jua.

Mimi nina hasira za karibu. Nilimwuliza kama na usiku pia anafunga, maana dagaa wa jana wakati wa futari bado walikuwa wakielea. Nikamleta kobe penye mwanga. Kope zilikuwa zimevimba hadi zikafumba macho yote mawili, puani mna vipovu, na nilipomrudisha majini alielea upande upande kama kifuu kilichoingia maji. Mara kwa mara aliachama kutafuta pumzi.

“Huyu hajafunga, Mama. Huyu mgonjwa.”

“Usimtabirie mabaya,” akanijibu, akageukia ukuta. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Kutwa nazungumza na nani humu ndani, kama si yeye?”

Niliumia kusikia hivyo.

Tulimtia kwenye beseni, tukapanda tuktuk hadi kwa daktari wa mifugo, tukapanga foleni na wenye mbuzi na kuku. Daktari hakutucheka. Alibonyeza gamba kwa kidole, akasema limeanza kulainika kwa kukosa jua, na mapafu nayo yameshikwa. Akamdunga sindano, akatupa dawa ya macho, akaagiza tumbadilishie maji kila siku na kumwotesha jua la asubuhi. Kupona hakuahidi. Alisema tu kwamba akianza kula, tumshukuru Mungu.

Niliomba ruhusa kazini nikabaki. Asubuhi Mama aliketi juani kando ya kobe, akifukuza paka kwa ufagio. Kobe hakula. Jioni moja adhana ya magharibi ikalia, Mama akashika tende asiitie mdomoni, mkono wa pili ukimning’inizia kobe dagaa.

“Unachelewesha futari kwa ajili ya kobe?” nikamkaripia.

“Nyamaza.”

Jicho moja likafunguka. Kobe akanyoosha shingo akamdaka dagaa, nusura na kidole. Mama akasema bismillahi, akala tende yake huku machozi yakimtiririka.

“Kesho rudi kazini, mwanangu,” akaniambia kwa upole. “Mwenzangu kapona.”

Nilifurahi, wallahi. Na nikamwonea kobe wivu.